Kasi ya Upepo wa Lwangulo

Mwezi wa tano kule Lwangulo, juu kwenye uwanda nyuma ya Mafinga, mvua huwa zimeshaaga. Asubuhi ukungu unalalia mabua ya mahindi, watu wanatoka na makoti, na kinachosubiriwa ni baridi ya mwezi wa sita tu. Ndiyo maana Jumanne ile, wingu lilipojikusanya upande wa magharibi saa nane mchana, hakuna aliyeharakisha kuanua chochote.

Yusta peke yake ndiye aliyesimama akalitazama. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na tisa, na kazi yake ilikuwa kupima hali ya hewa. Zamani wamisionari walimpa marehemu mumewe, Sedekia, kazi ya kutunza vipimo vilivyozungushiwa uzio pembeni ya shamba lao: kopo la kupimia mvua, vipimajoto ndani ya kisanduku cheupe, na kipima upepo chenye vikombe vitatu juu ya mlingoti. Sedekia alipofariki, Yusta akaendelea. Kila siku saa tatu asubuhi alisoma vipimo akaandika kwenye daftari, na kila mwisho wa mwezi alinakili ukurasa kwenye fomu na kuituma kwa basi kwenda ofisini Mbeya. Kwa miaka kumi na tisa hakuruka siku hata moja, hata siku aliyomzika mama yake mzazi.

Wingu lilikuwa na weusi unaoelekea kijani. "Hili lina mawe," alisema kwa sauti, ingawa hakukuwa na mtu karibu, akakimbilia ndani.

Halikuchukua hata nusu saa. Mawe ya barafu makubwa kama viazi vya mbegu yalitwanga mabati mpaka mtu hasikii anachosema mwenyewe, kisha upepo ukaja nyuma yake. Ulipopita, watu walitoka wakakuta maparachichi machanga yametapakaa chini, matawi ya mikaratusi yamelala barabarani, na uwanja wa shule mweupe kote. Walianza hata kucheka, wakiwaonyesha watoto barafu. Kisha kilio kikasikika kutoka upande wa zahanati.

Wodi ya wazazi haikuwa na paa. Ilifunguliwa mwezi wa kwanza tu, na aliyeiezeka alikuwa Anord, mtoto pekee wa Yusta, fundi seremala wa Mafinga. Upepo ulilinyanyua paa zima, mabati na kenchi za mbao pamoja, ukalipindua, na kenchi moja ikarudi ndani. Ilimwangukia Benedicta, msichana wa miaka ishirini na miwili aliyekuwa amejifungua asubuhi ile. Kichanga kilipona kwa sababu muuguzi alikuwa amekipeleka chumba cha pili kukipima uzito.

Mume wa Benedicta, Lusekelo, alikuwa dereva wa lori, na siku hiyo alikuwa Uyole akishusha mbolea. Alipigiwa simu mbili. Ya asubuhi ilimwambia amepata binti.

Kesho yake saa tatu Yusta alikwenda kusoma vipimo, macho yamevimba kwa kulia msibani. Kipima upepo kilikuwa na kikasha chenye kioo kinachobakiza kasi kubwa kuliko zote za siku. Kilionyesha kilomita sitini na nane kwa saa. Alikifuta kioo kwa kanga akaangalia tena. Sitini na nane. Akaandika.

Halafu akarudi ndani, akafungua sanduku la madaftari ya zamani, akatafuta mwezi wa tano wa mwaka 1987. Aliikumbuka tufani ile. Alikuwa na mimba ya Anord. Mwandiko wa Sedekia ulikuwa umesimama wima kama kawaida yake: "Tufani. Kilomita 97. Miti kumi na moja ya misheni imeanguka. Paa la kanisa liko salama."

Aliufunga ukurasa ule, akavaa koti, akaenda zahanati. Aliazima ngazi kwa muuguzi akapanda mwenyewe mpaka juu ya ukuta. Kila kenchi hutakiwa kufungwa kwa mkanda wa chuma uliozamishwa kwenye zege. Alitembeza mkono juu ya zege lile kutoka kona hadi kona. Hakukuwa na mkanda hata mmoja. Ilikuwepo misumari tu, imepinda.

Anord alifika mchana, pikipiki imejaa tope.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Umepita msibani?"

"Nimepita." Hakukaa. "Ijumaa anakuja mkaguzi kutoka wilayani. Atataka kujua upepo ulikuwa na nguvu kiasi gani. Atakuja kwako."

"Aje. Nimeshaandika."

"Umeandika ngapi?"

Yusta akamwambia. Anord akavuta kigoda akakaa.

"Mikanda iko wapi, Anord?"

"Mama..."

"Nimepanda ngazi mwenyewe. Mikanda iko wapi?"

Anord aliangalia mikono yake. "Ilichelewa kutoka Makambako. Mwenyekiti, mzee Jailos, akasema mgeni wa ufunguzi ameshapangiwa tarehe, paa liwe juu kabla ya Jumapili. Nipige misumari, mikanda tutaweka baadaye. Baadaye hakuna aliyeuliza. Na mimi sikuuliza."

"Fundi ni nani, wewe au Jailos?"

"Ni mimi." Alitupa macho nje, kwenye mlingoti. "Nina watoto watatu, mama. Mlingoti wenye kipimo ni huu mmoja uwanda mzima. Ukiandika tufani ambayo haijawahi kutokea, nani atabisha?"

Yusta aliinuka akaenda jikoni. Alimpakulia ugali na maharage, na Anord akala chote kama mtu aliyetoka safari ndefu. Yusta alimtazama akila na moyo ukamuuma, kwa kuwa alijua tayari atakachofanya.

Alhamisi akaja Jailos, mwenyekiti wa kijiji, na kofia mkononi. Alianza na pole, akamalizia na Mungu.

"Mama Anord, tufani ikiwa ya kihistoria, binadamu hana kosa. Lakini tukiandikwa wazembe, kijiji hiki hakitajengewa tena hata choo. Na yule binti, mama, harudi."

"Wewe ndiye ulimwambia apige misumari."

"Mimi si fundi," Jailos alisema kwa upole. "Nikiulizwa, nitasema hivyo hivyo."

Alipoondoka Yusta alifunga mlango, akachana ukurasa wa mwezi wa tano na kuanza kuunakili upya, mstari kwa mstari. Siku kumi na tatu za kwanza aliziandika kweli tupu: umande, nyuzi tisa, nyuzi nane, mvua hakuna. Alipofika Jumanne alisimamisha kalamu mpaka wino ukaacha nukta. Akaandika 118. Kisha akaandika na Jumatano, nyuzi saba, ukungu.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Aliupiga picha ukurasa, akatazama vikombe vikizunguka juu ya mlingoti.

"Hiki kipimo kinaaminika, mama?"

"Miaka kumi na tisa," Yusta alisema.

Taarifa ilisema kuwa ni tufani ya kihistoria, na hakuna paa la kawaida ambalo lingeihimili. Jailos aliisoma mkutanoni kwa sauti ya ibada.

Mwezi wa sita, asubuhi moja ambayo majani yalikuwa yameganda na kulia chini ya viatu, Lusekelo alikuja. Alikuwa amekonda. Mama yake alikuwa amekichukua kichanga kukilea Uyole, na yeye alikuwa anapita na lori kwenda Iringa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, baridi."

Yusta alimpa chai ya maziwa. Lusekelo alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Nimekuja kushukuru," alisema. "Nilikuwa na hasira, mama. Nilikuwa natafuta mtu. Nilikuwa nasema, lazima kuna mtu alifanya hivi. Silali. Naendesha gari nikisema na mtu huyo. Halafu nikasomewa ile taarifa. Mia moja na kumi na nane." Alitikisa kichwa. "Basi, nikasema, ni upepo. Upepo nitaudai nini? Sasa nalala."

Yusta alitaka kusema neno. Alichosema ni, "Nikuongezee chai?"

"Ndaga, mama, asante. Imetosha."

Alimsindikiza hadi barabarani. Lori lilipoondoka alirudi akakaa jikoni, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, saa tatu ilipita bila kwenda kusoma vipimo.

Kwa kuwa taarifa haikumwona aliyekosea, kazi ya kuezeka upya alipewa Anord. Mwezi wa nane, wakati upepo mkavu ulikuwa unazoa vumbi shambani, Yusta alipita zahanati akamkuta mwanawe amepanda ukutani, misumari mdomoni. Kenchi nne zilikuwa zimeshakaa. Aliangalia zilipokutana na ukuta.

"Anord. Mikanda?"

Anord alitoa misumari mdomoni. "Iko stoo. Wameleta michache, haitoshi, nitafunga za pembeni."

"Na hizi za katikati?"

"Hizi hazina shida, mama. Upepo wa namna ile hauji tena maisha yetu. Si uliandika mwenyewe? Haujawahi kutokea." Alisema bila kejeli yoyote. Alikuwa ameshaamini. "Nenda kivulini, jua kali."

Yusta alisimama pale akasikiliza nyundo. Ndani ya wodi, kitanda kipya kilikuwa kimefunikwa kwa nailoni.

Hakumwambia mtu. Alikwenda nyumbani, akaweka kwenye mkoba ule ukurasa aliouchana, ambao hakuwa ameuchoma, pamoja na daftari la mwaka 1987. Asubuhi iliyofuata akapanda basi la Mbeya.

Alimkuta Lusekelo Uyole, karibu na soko, akisubiri vijana wapakie viazi. Alifurahi kumwona, alitaka kumpeleka nyumbani akamwone mtoto. Yusta akamwambia wasimame kwanza. Wakasimama pembeni ya tairi za lori, na Yusta akamweleza yote, kuanzia kile kioo alichokifuta kwa kanga. Hakumtaja Jailos kabla ya kujitaja yeye. Alimpa ukurasa, akamwonyesha na zile kilomita 97 za mwaka 1987.

Lusekelo aliusoma mara nyingi kuliko maneno yaliyokuwepo.

"Sitini na nane," alisema mwishoni.

"Sitini na nane."

"Nilikaa kwako. Ukanipa chai."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaniangalia."

"Nilikuwa nakuangalia, mwanangu."

"Usiniite hivyo." Hakupaza sauti. Wapakiaji waliendelea kuhesabu magunia. "Nilikuwa nimeanza kulala, unaelewa? Sasa nianze tena kumtafuta. Na nimemjua, ni mtoto wako. Kwa nini hukukaa na siri hii mwenyewe?"

"Anaezeka tena. Hivyo hivyo, kwa misumari. Kuna wengine watalala kile kitanda."

Lusekelo aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Kuhusu kwenda kumwona mtoto hakusema tena, na Yusta hakuuliza. Alirudi kwa basi la mchana.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Lusekelo aliipeleka karatasi wilayani, na kazi ya paa ikasimamishwa. Yusta alikwenda mwenyewe polisi Mafinga akaandika maelezo, kurasa tatu, na alipoulizwa kama alilazimishwa alisema hapana. Anord alikamatwa akiwa karakanani kwake. Mahakamani Jailos aliulizwa, akasema yeye si fundi. Hakukuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha alichoagiza, na neno la Anord lilibaki neno la Anord. Anord alifungwa miaka mitatu kwa uzembe uliosababisha kifo. Yusta, kwa kuwa alijisalimisha mwenyewe, alipewa onyo na kuondolewa kazini. Watu wawili kutoka Mbeya walikuja na gari, wakachukua vipimo vyote na madaftari yote, ya kwake na ya Sedekia. Mmoja alimwambia kwa heshima kwamba rekodi zote za miaka yake kumi na tisa itabidi ziwekewe alama, zisitumike.

"Hata za kweli?" aliuliza.

"Hatuwezi kuzitenganisha, mama."

Fundi mwingine aliezeka wodi, na safari hii mikanda ilitosha. Jailos aliifungua tena. Kanisani watu walimwachia Yusta nafasi kwenye benchi, nafasi kubwa kuliko anayohitaji mtu mmoja. Upande mmoja walimwona mwongo. Upande mwingine walimwona mwanamke aliyemfunga mwanawe. Mke wa Anord alihamia kwao Idodi na watoto, akabadilisha namba ya simu.

Mara tatu Yusta alikwenda gerezani Iringa, na mara tatu aliambiwa mfungwa hataki kutoka. Mara ya nne akatoka. Alikuwa amenyolewa, mabega yamelegea. Yusta alisukuma kwake mfuko wa karanga na sabuni.

"Watoto hawajambo?" Anord aliuliza.

"Sijawaona."

Anord aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea jibu alilolitarajia.

"Mimi sikukasirikia ukweli, mama," alisema. "Ungesema Ijumaa ile ile, ningefungwa, ningejua nina mama wa namna gani. Ningejirekebisha. Lakini uliniambia kwa mkono wako mwenyewe kwamba sikuua. Miezi mitatu nilikuwa nimesimama kwenye hilo. Halafu ukaliondoa."

"Nilikuwa nakuokoa."

"Safari ipi ulikuwa unaniokoa? Ya kwanza au ya pili?"

Askari aliangalia saa yake. Anord aliuchukua mfuko, akashukuru kama wanavyoshukuru wageni, akarudi ndani bila kugeuka. Nje upepo ulikuwa unapanda kutoka bondeni, unapiga bendera ya gereza kwenye mlingoti wake, na Yusta, aliyekuwa akikisia kasi ya upepo kwa kuuangalia tu maisha yake yote, alijifunga kanga kichwani akashuka kutafuta basi.