Mkwaruzo wa Mama Mkwe

Walimwita Mama Mkwe, na hata mume hakuwa naye. Mkwe angemtoa wapi? Jina lilitoka kazini. Kulikuwa na tamthilia ya kigeni, ile ya jumba kubwa na urithi unaogombewa miaka nenda miaka rudi, na yeye ndiye aliyemwingizia sauti ya Kiswahili yule mama mkwe mwenye roho mbaya. Sauti ilikuwa nzito, ina mkwaruzo, ukiisikia unajiuliza umekosa nini. Watu waliipenda mpaka basi. Muuza duka hamrudishii chenji mpaka agombezwe kidogo. Msibani, jamani, msibani! Shangazi yake mwenyewe alimvuta kando, macho bado mekundu, akamwomba awasemee mashoga zake maneno mawili matatu. Naye akasema. Alikuwa hajui kukataa.

Ule mkwaruzo aliupata kwa kubana koo. Mwanzoni alibana studio tu. Halafu akawa anabana kwenye simu, maana wapigaji walitaka kumsikia Mama Mkwe, halafu nyumbani, akimwita mama yake mezani, na mama wa watu anacheka mpaka anajifuta machozi. Ikafika mahali hana haja ya kubana tena. Anaamka asubuhi na mkwaruzo wake tayari. Akafurahi, maskini. Alidhani kipaji kimekomaa, kumbe koo lilikuwa linaharibika.

Siku ya siku, katikati ya kumfukuza mke wa mwanawe, sauti ilikatika. Midomo inakwenda, hewa inatoka, neno hakuna. Mwongozaji, ambaye wote walimwita Tena kwa sababu hilo ndilo neno lake, alisema tena, na tena, akaagiza maji ya moto, akasema tena. Wapi! Wakafunga kazi siku hiyo, akaenda kwa daktari wa koo.

Daktari alimpitishia kamera nyembamba, akamwonyesha kwenye kioo nyuzi zake mbili za sauti, kila mmoja una kinundu, vinagongana kila anapozungumza. Akamwambia aipumzishe sauti, atapona. Basi hapo ndipo Mama Mkwe alipojimaliza mwenyewe. Aliipumzisha sauti kwa kunong'ona. Alimnong'oneza mama yake, akamnong'oneza muuza duka, akamnong'oneza Tena kwenye simu kwamba anaendelea vizuri, bado kidogo tu. Alijiona mgonjwa mtiifu kupita wote. Aliporudi kupimwa, daktari alikitazama kile kioo, akashusha pumzi. Alimweleza kwamba kwa namna alivyokuwa akinong'ona, koo lilijikaza zaidi kuliko kama angezungumza taratibu kama watu wengine, na vile vinundu vilikuwa vimekua.

"Sasa unyamaze," daktari alisema. "Kunyamaza kabisa. Ukikaidi, usije kuniuliza sauti yako iko wapi."

Akanyamaza. Mama yake alimsemesha, akajijibu mwenyewe, mwisho naye akachoka. Simu iliita mpaka ikakoma. Aliogopa, tena aliogopa vibaya. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua duniani, na mtu asiye na sauti studio anakwenda kufanya nini, kufuta vumbi? Alitaka angalau alie kwa nguvu, aangue kilio moyo upoe, akakumbuka kwamba hata kilio kinatumia nyuzi zilezile. Akalia huku ameuma mto.

Ndipo Tena alipompigia mama yake na kutoa ujumbe. Tamthilia ilikuwa inafika ukingoni, kituo cha televisheni hakisubiri koo la mtu. Amepatikana binti mmoja, wanamwita Kasuku kwa kuiga sauti za watu. Mama Mkwe aje amwelekeze kwa ishara tu. Binti akishindwa, Tena ataenda mwenyewe kuwapigia magoti wakubwa wa kituo wasubiri mpaka apone. Binti akiweza, basi.

Wewe ungekwenda? Yeye alikwenda. Na tusidanganyane, hakwenda kumsaidia mtu. Alikwenda kumwona akishindwa.

Kasuku alimwamkia kwa adabu, akasema, "Dada, mimi nimekua nakusikiliza," na hilo nalo likachoma. Wakaingia wote wawili katika chumba cha kurekodia. Binti alikuwa na sauti nyororo, ya kubembelezea mtoto. Akamfukuza mke wa mwana, ikawa kama anamkaribisha chai. Tena akasema tena. Mama Mkwe moyoni akamshukuru Mungu. Tena. Tena. Kila binti alipokosea, yeye alipumua vizuri zaidi.

Halafu Kasuku akamgeukia, akauliza, "Dada, huwa unabana wapi?"

Nyuma ya kioo Tena alikuwa amesimama, anamtazama. Mama Mkwe akainua kidole, akagusa koo lake mwenyewe, chini kidogo ya taya.

Binti akabana. Ukatoka. Mkwaruzo uleule, mzito uleule, mpaka nywele za mikono zikamsimama Mama Mkwe. Tena alipiga makofi, akasema hapohapo, usiuachie, tunakwenda onyesho zima. Kasuku alikohoa, akanywa maji, akajisugua shingo.

"Inawasha," alisema, anatabasamu. "Nitazoea tu."

Mama Mkwe akaitazama ile shingo. Kwa hiyo ndicho walichokuwa wanakipenda watu, huo uvimbe. Na sasa binti wa watu anaufanyia mazoezi. Halafu likamjia wazo jingine, baya, nalo halikubisha hodi: mwache. Mwache abane. Hatafika mbali, naye koo litamkatika, watarudi kwako. Wala huna lawama, daktari amekukataza kusema. Lilikuwa wazo tamu kwelikweli. Taa nyekundu ya kurekodia ikawaka. Kasuku akavuta pumzi, misuli ya shingo ikamtoka.

Mama Mkwe akamshika mkono.

"Mdogo wangu, usibane," alisema. "Ule haukuwa ufundi. Nilikuwa naumwa."

Ilitoka sauti nyembamba, nyepesi, ina hewa nyingi, haina mkwaruzo hata chembe. Kasuku alimkodolea macho. Fundi wa sauti, aliyekuwa amemrekodi Mama Mkwe tangu tamthilia inaanza, alikuwa ameinama chini ya meza yake anahangaika na waya, hedifoni masikioni. Sauti yake ikasikika chumbani, imekasirika.

"Nani mwingine yumo humo ndani? Atoke, tunarekodi."

Mama Mkwe akaisogelea maikrofoni.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nani?" fundi akauliza.