Pini Kumi na Moja za Bibi Mshonaji

Uchovu wa Fundi haukuwa ule wa kulala ukaamka umekwisha. Uliamka naye, ukanawa uso naye, ukapanda naye ngazi za hospitali mpaka chumba cha mashine ya sumaku, ambako kwa miaka kumi na minne alikuwa akipiga picha za ndani ya vichwa vya watu. Wenzake walimwita Sumaku kwa jinsi alivyowavua watu vyuma: hereni, mikanda, vibanio, hata pete za ndoa. Hakuna aliyewahi kupita mlango ule na chuma, na hiyo ndiyo sifa pekee aliyojipa maishani.

Alikuwa anameza dawa za sonona. Huu ulikuwa mwezi wa saba tangu aanze, kidonge kimoja kwa siku, kutoka kwenye kichupa alichokificha ndani ya kasha la miwani. Mkewe aliambiwa ni dawa za tumbo. Kilichomtesa zaidi ni kwamba hakuwa na kisa cha kusimulia. Hakufiwa, hakuachwa, hakufukuzwa kazi. Angekuwa na msiba, angalau watu wangempa pole. Yeye aliamka siku moja akakuta kila kitu kimechacha, kikabaki hivyo. Sasa mtu anayewaambia wagonjwa kutwa nzima "usiogope, mama, ni dakika arobaini tu" ataanzaje kusema kwamba yeye mwenyewe kuna asubuhi anashindwa kuvaa soksi?

Mwaka huo daktari wa ubongo, mama mmoja mwembamba asiyemaliza kikombe cha chai, alileta utafiti wake. Alitaka watu ishirini wanaomeza dawa za sonona na ishirini wasiomeza dawa yoyote. Kila mmoja alale ndani ya mashine, mkono wa kushoto juu ya vitufe vinne, ajifunze kuvibonyeza kwa mpangilio aliopewa, mara mia na zaidi, mpaka vidole viende vyenyewe. Wakati vidole vinajifunza, mashine inatazama sehemu za ubongo zinavyowasiliana.

"Ni kama majirani wawili na ukuta katikati," Daktari alimweleza siku ya kwanza. "Mmoja anaamrisha vidole, mwingine anasahihisha makosa. Nataka kujua wanaongea kiasi gani, na dawa inawabadilishia mazungumzo au vipi."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Moyoni alikuwa na swali lake, na hakuwa na wa kumuuliza. Tangu aanze dawa alijiona mzito, kama mtu anayetembea kwenye maji ya magoti. Aliamini kidonge kimemwinua kwa mkono mmoja na kumwibia akili kwa mkono wa pili.

Katika wale wa dawa alikuwemo bibi mmoja, mshonaji aliyestaafu, ingawa mikono yake haikuwa na habari kwamba imestaafu. Siku ya kwanza aliiona mashine akageuka kurudi nyumbani. Siku ya pili alikaa ndani dakika mbili, akaomba atolewe. Siku ya tatu Fundi alimkalisha kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akamvua pini moja moja kwenye kola na upindo wa blauzi. Mshonaji hawezi kutembea bila pini, ni kama mwalimu na chaki.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Bibi alisema, akacheka kwa mara ya kwanza.

Pini zilikuwa kumi na moja. Fundi alizihesabu kwenye kibakuli, akamhesabia tena alipotoka. Safari hii alikuwa amekaa dakika zote arobaini, na alitoka jasho limemlowesha, akiuliza kitu kimoja tu.

"Nimeweza, mwanangu?"

"Umeweza, Bibi."

Kwenye fomu, penye swali la dawa, Bibi alikuwa amemwambia aandike kwa herufi kubwa. "Nameza dawa za huzuni. Andika wasome hata wasio na miwani."

Jioni ileile mtu mmoja wa kundi la wasiomeza dawa hakutokea. Daktari aliangalia saa, akamwangalia Fundi. "Ingia wewe. Umri wako ndio ninaoutaka." Kukataa kungetaka sababu, na sababu ilikuwa kwenye kasha la miwani. Daktari alimsimamia na fomu na kalamu. "Weka hapana zote, tuwahi." Fundi aliweka hapana zote, akamwachia msaidizi usukani wa mashine, akajilaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na mashine aliyoizoea kuliko kitanda chake.

Baada ya wiki mbili Daktari alimwita ofisini. Makaratasi yalikuwa yamejaa meza, chai imepoa pembeni.

"Mtu wangu wa kumi na tisa, yaani wewe, ananisumbua," alisema. "Majirani zako hawaongei kama wa wenzako. Wanaongea kama wa watu wa dawa. Nimerudia hesabu mara nne." Akasukuma bahasha ndogo. Ndani mlikuwa na pini. "Mfagiaji kaiokota kule mnakobadilishia nguo. Ni ya yule bibi. Aliingia na nyingine, zikavuruga mashine, na wewe ukaingia nyuma yake. Nitamtoa kwenye utafiti, wewe tutakupiga upya."

"Daktari, nilizihesabu. Hii ilidondoka huko nje, kabla ya mlango. Na pini ingeacha doa jeusi kwenye picha. Kuna doa?"

"Hakuna. Lakini sina maelezo mengine, Fundi, na nimechoka. Mpigie simu wewe umwambie, mmezoeana."

Alirudi kwenye chumba chake cha kazi, akampigia Bibi simu. Njia ilikuwa nyeupe mbele yake: aseme maneno mawili, bibi atoke, siri ibaki kwenye kasha.

"Ni wewe, mwanangu?" Bibi alisema. "Nimewaambia wajukuu nimelala ndani ya lile bomba mpaka mwisho. Hawaamini. Utanipa karatasi ya kuwaonyesha?"

Fundi alijionea aibu, aibu ya kweli, inayopanda mpaka masikioni. "Nitakupigia tena, Bibi," alisema, akakata.

Alirudi ofisini akaweka kasha la miwani juu ya bahasha. Daktari alilifungua, akakisoma kile kichupa.

"Tangu lini?"

"Huu ni mwezi wa saba tangu nianze."

"Na uliandika hapana."

"Niliandika."

"Umenipotezea wiki mbili. Nilikuwa namtoa mtu asiye na kosa." Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kisha akasugua macho. "Na mimi nilisimama na kalamu nikakuambia uweke hapana. Kamati nitaiambia yote mawili. Wewe unatoka. Bibi anabaki."

Fundi alisimama kuondoka, akafika mlangoni, akarudi nusu hatua. "Daktari, hizi dawa zimeniharibu?"

Daktari akamgeuzia skrini. "Picha moja haiwezi kukujibu hilo. Ila mkono wako ni mstari huu hapa. Ulianza unajikwaa kama wote, ukamaliza kwa kasi ileile ya wenzako. Kujifunza umejifunza."

Fundi alitazama ule mstari mpaka skrini ikajizima. Alikuwa amechoka vilevile. Lakini alifurahi, na alishtuka kugundua kwamba bado anaijua furaha.

Mwezi uliofuata Bibi alikuja kwa picha ya pili. Fundi alimkalisha palepale, kibakuli mapajani, akaanza na kola.

"Ile picha yangu ilitoka?"

"Ilitoka vizuri. Iliyoharibika ni yangu. Niliandika sili dawa, na ninakula. Kama zako."

Bibi alimtazama usoni bila haraka, kama anayetafuta mshono ulioachia. Fundi akangoja pole, au mshangao, au mawaidha.

"Unameza asubuhi au usiku?" Bibi aliuliza.

"Usiku. Na usingizi sipati."

"Hata mimi ilikuwa hivyo. Muulize daktari wako uhamie asubuhi, baada ya chai. Mkeo ndiye anakukumbusha?"

"Mke wangu hajui."

Bibi akainua kidevu ili Fundi achomoe pini ya mwisho. "Basi leo mwambie," alisema. "Ngapi hizo?"

"Kumi na moja," Fundi alisema, akamfungulia mlango.