Nusu ya Uwanja

Maji yalikuwa yakijaa, na Mwatum bado kapiga magoti pwani Micheweni, akimalizia kufunga mwani kwenye kamba. Alipomaliza alijitwika gunia la mwani mbichi, akapanda nalo mpaka kwa sheha, mkuu wa shehia yao, kuulizia barua aliyoandika na wenzake.

Miezi miwili nyuma muuguzi alimpima presha, akamwambia afanye mazoezi. Mwatum alicheka. "Mwanangu, mie kutwa ni mazoezi."

"Ile ni kazi, Bi Mwatum. Inakuchosha tu. Tafuta wakati ucheze."

Kucheza! Tangu aolewe hajashika mpira wa nage, ule mchezo wa kurushiana na kukwepa. Lakini neno lile lilimkaa, na wanawake kumi wakaandika barua kuomba uwanja.

"Mmepewa Jumatatu, saa nane mchana," alisema sheha bila kuinua macho.

"Saa nane jua lachoma, bwana sheha, na sie tuko pwani."

"Basi si mazoezi tosha hayo?"

"Wavuvi nao hutoka baharini wamechoka. Mbona kila alasiri wako uwanjani?"

"Hilo si la ofisi hii." Akagonga muhuri.

Nyumbani Mwatum alianika mwani, akateka maji, akabandika wali. Baada ya sala ya alasiri, mumewe Msellem alivaa jezi yake kama kawaida. Akamkuta mkewe mlangoni, suruali ndani ya dera, mtandio kaukaza.

"Wenda wapi?"

"Uwanjani. Wali ukikauka, upalie makaa."

"Watu watasema, Mwatum."

"Wewe kila siku waenda. Washakusema?"

Msellem aliinama kufunga kamba za viatu.

Uwanjani, Talib, nahodha wa timu ya wavuvi, alimzuia Mwatum na wenzake. "Mama zangu, ratiba hairuhusu."

"Tupeni nusu," alisema Mwatum. "Nusu yatutosha."

Wanaume walitazamana. Msellem alifika amechelewa, akasimama kidogo, kisha akainua jiwe la goli, akalisogeza hadi katikati ya uwanja. Talib akashusha pumzi, akainua la pili.

Saada, jirani yao, akaanza kurusha mpira. Aliyepigwa na mpira alitoka. Mwatum alikimbia, akakwepa, akaanguka, akacheka hadi mbavu zikamuuma. Hakuwa akiwahi maji wala chungu. Alikuwa akikimbia tu.

Pikipiki ya sheha ikasimama pembeni. "Bi Mwatum! Njoo hapa!"

Mpira ulikuja kwa kasi. Mwatum akainama, ukampita juu ya kichwa.

"Ngoja, bwana sheha," alisema akihema. "Bado sijatolewa."