Funga na Fungua

Nyongesa alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kumsikia mtu akivunja Kiswahili akanyamaza. Alizaliwa Bungoma, ng'ambo ya mpaka, na kwa miaka kumi na saba alibeba samaki kutoka Masese, kando ya Jinja, hadi Mbale kwa kilori chake cha Dyna. Hakuna fundi wa Jinja aliyeshika gari lake ambaye hakupata somo la lugha bila kuliomba.

Asubuhi ile aliyepewa somo alikuwa Bruhan, fundi wa umeme wa magari. Na kama kuliwahi kuwa na asubuhi ya kumwacha mtu aseme apendavyo, ilikuwa hiyo.

Nanyama, mkewe Nyongesa, alikuwa ameketi ndani ya kilori akiwa ameegemezwa kwa mito mitatu, mrija puani. Mapafu yake yalikuwa yamekwisha. Madaktari walisema hawana la kuongeza, akapumzike nyumbani. Ila bila mashine ya oksijeni, nusu saa ingekuwa nyingi. Yeye alitaka jambo moja tu: afike Nabuyonga, kule Mbale, kwa mama yake, Norah.

"Mama anikute na sauti," alisema. "Nikifika bubu, nitakuwa mzigo tu wa kushushwa."

Ndiyo maana tangu jana yake Bruhan alikuwa amejikunja nyuma ya kiti, akifunga betri ya pili. Ya kwanza ingewasha injini, ya pili ingeendesha mashine, na kati yazo akaweka swichi kubwa nyekundu, kuukuu, maandishi yake yamefutika.

"Bwana, sikia mzuri," alisema Bruhan akijifuta mikono. "Injini nakimbia, funga. Injini narara, fungua. Usisahau."

"Inalala, Bruhan. Ina-la-la. Hiyo rara ni mnyama gani?"

Nanyama akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

"Sawa, bwana. Lakini ngoja niweke alama na rangi."

"Alama ya nini? Unifundishe mimi maana ya funga na fungua? Maneno hayo nimenyonya kwa mama!"

Bruhan akaweka kopo la rangi chini. Swichi za namna ile Nyongesa alizijua: kulia kuwaka, kushoto kuzima. Na kwao mtu akiambiwa afunge redio, anaizima. Basi akawasha injini, akaigeuza swichi kushoto, akaifunga. Kuuliza si ujinga, wazee walisema. Lakini huyu angemuuliza nani, na yeye ndiye mwalimu?

Iganga wakaipita, Namutumba wakaipita. Mashine ilinguruma miguuni pa Nanyama, naye akawa anajaribu maneno atakayomwambia mama yake, akiyapanga na kuyapangua. Lakini kabla kidogo ya kufika Tirinyi magari yalikuwa yamesimama. Lori la miwa lilikuwa limelala kwenye daraja la Mpologoma, njia imezibwa pande zote mbili.

Rejeta ya Dyna ilikuwa inavuja maji ya kupozea injini, na injini ikinguruma bila mwendo huchemka. Nyongesa akaizima. Akakumbuka maagizo, akaigeuza swichi kulia, akaifungua.

"Unaona?" alimwambia mkewe. "Mwanafunzi mzuri."

Hazikupita dakika arobaini, mashine ikaanza kulia kwa sauti kali. Ikalia, ikakwama, ikazimika. Nyongesa akarukia ufunguo. Injini ikajibu tik. Akajaribu tena. Tik. Betri zote mbili zilikuwa zimekauka, na yeye hakuelewa kwa nini. Aliogopa, na hofu ile haikumwachia hata nafasi ya kuificha.

Akatoa simu. Ilikuwa imebakiwa na asilimia mbili. "Nampigia Bruhan aniambie kilichoharibika."

Nanyama akamshika kifundo cha mkono. Midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi. "Mama," alisema.

"Nanyama, nikimpata fundi utapumua!"

"Mpigie mama."

Moyo wa Nyongesa ulikataa, vidole vikatii. Simu ikaita, ikapokelewa, akamwekea mkewe sikioni.

"Mama," alisema Nanyama. "Ni mimi. Niko njiani..." Simu ikazimika. Yale maneno yote aliyoyapanga tangu Iganga yakabaki kifuani, na kifua kile kilikuwa kikipanda na kushuka kwa shida.

Nyongesa akashuka akipiga kelele barabarani. "Jamani! Mke wangu! Nisaidieni!"

Wakati huohuo daraja likafunguliwa, magari yakaanza kuwaka moja moja. Nyuma yake lilikuwa lori la jeshi, akashuka sajenti mmoja mrefu wa kaskazini aliyeitwa Romano. Alichungulia ndani mara moja tu, akamwita dereva wake.

"Peleka gari mbere! Toa kamba! Wewe mzee, weka gia ya pili. Funga kamba! Funga sana, ishikane!"

Kamba ikafungwa, lori likavuta. Dyna ikatikisika, ikakohoa, ikawaka. "Fungua!" alipiga kelele Romano. "Fungua, iachane!"

Nyongesa alimtazama askari akiifungua ile kamba, ncha zikianguka mbalimbali. Akaelewa yote kwa mara moja. Kufunga ni kushikanisha. Bruhan alikuwa amefunga betri, amefunga waya, amefunga nati mbele ya macho yake siku nzima. Fundi angesema funga kwa maana gani nyingine? Njia nzima betri ya pili haikupata chaji hata tone, na waliposimama akaziunganisha zikanyonyana hadi mwisho.

Akaiacha swichi kulia ilipokuwa, akakanyaga mafuta. Taa ya mashine ikawaka, ikanguruma.

"Nanyama. Vuta. Vuta, mama watoto."

Hewa ilipita kwenye mrija ikatoka puani pasipo mtu wa kuivuta. Romano akavua kofia. "Pore, mzee," alisema. Hakuna aliyemsahihisha.

Nyongesa hakuizima mashine. Aliendesha hadi Nabuyonga ikinguruma, na alipoegesha uani kwa mama mkwe, betri ya pili ilikuwa imejaa pomoni.

Kwa desturi ya Wabukusu, watu wake, na ya Wagisu, watu wa mkewe, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Miaka yote hiyo Norah alimsalimu akiwa nyuma ya mlango. Siku hiyo alitoka, akapanda mwenyewe kwenye kilori, akakaa kati ya binti yake na mume wa binti yake, bega kwa bega.

"Mimi ndiye niliyemuua, mama," alisema Nyongesa. "Nilielekezwa, nikabeza."

Norah alimshika binti yake shavuni kwa muda mrefu. "Aliniambia yuko njiani," alisema. "Sauti yake nimeipata."

Kisha akaitazama mashine iliyokuwa bado inamsukumia hewa maiti. "Funga, mwanangu," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni.

Nyongesa akashika swichi ya mashine. "Funga vipi, mama?" aliuliza. "Niambie vizuri. Funga vipi?"