Nani Anavuta Dawa Yangu

Mama Sare alikuwa mtu wa vipimo. Miaka thelathini alikuwa akishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na hakuna mzazi aliyewahi kumrudishia sketi akidai imebana. Alipima, akaandika, kisha akapima tena. Kwa hiyo Alhamisi ile, alipoigeuza pampu yake ya pumu na kusoma namba iliyo mgongoni, hakudhani kwamba macho yamemdanganya. Jana yake asubuhi ilisoma mia moja sabini na nne. Sasa ilisoma mia moja sitini na nane.

Pampu hiyo ya bluu ilikuwa ya dharura, ya kuvuta kifua kinapobana, na kila ukiibonyeza namba inapungua moja. Alikuwa na nyingine ya kahawia, ambayo daktari alimwambia avute kila asubuhi na kila jioni, abanwe asibanwe. Zote alizihifadhi kwenye droo ya meza ya cherehani, pamoja na chaki na sindano. Siku ile ya jana hakuwa amebanwa hata kidogo.

"Sita," alisema peke yake. "Nani amevuta mara sita?"

Akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari lake la vipimo, akaandika tarehe na namba. Tangu siku hiyo aliandika asubuhi na jioni, na kila alipovuta mwenyewe aliweka alama ya msalaba. Hakumwambia mtu. Angeweza kuihamisha pampu, lakini aliiacha palepale. Mtego hauondolewi chambo.

Baada ya majuma matatu daftari likaanza kusema. Jumatatu namba ilitulia. Jumapili ilitulia. Iliporomoka Jumatano na Jumamosi, mara nne, mara tano, mara sita, siku hizo hizo mbili, kama mtu anayekwenda kazini.

Na nani alikuwa akitoka Jumatano na Jumamosi asubuhi? Mkwe wake.

Mke huyo wa mwanawe wa pekee alikuwa msusi, msichana mkimya mwenye vidole virefu. Waliishi pamoja nyumba moja tangu harusi, mwaka na miezi. Siku hizo mbili kabla ya kwenda saluni alipitia kwa mama yake mzazi, akiwa na mfuko mweusi mkubwa begani. Na mama yake huyo alikuwa na ugonjwa gani? Pumu. Mama Sare alipoyaunganisha hayo alihisi damu ikimpanda masikioni. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na yeye nguo ndiyo kazi yake.

Kuanzia hapo kila alichofanya yule binti kikawa na sura mbili. Akisalimia kwa upole, anajipendekeza. Akinyamaza, dhamiri inamsuta. Akiuliza, "Mama, kifua kimeamkaje leo?" Mama Sare alisikia mtu anayeuliza mzigo umebaki kiasi gani.

Alimdokeza mumewe. Mumewe walimwita Refa, mtaani na nyumbani pia. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita kiwanda cha saruji, na tangu astaafu alichezesha mechi za wazee mara mbili kwa juma, kaptula nyeusi, filimbi shingoni. Alijisifu kwamba hajawahi kumeza kidonge. Wazee wenzake walimwita Kifua cha Chuma, na yeye jina hilo alilivaa kama medali. Mkewe akikohoa alimtania: "Kifua cha njiwa hicho!"

"Baba, pampu yangu ina mtu," Mama Sare alimwambia.

Refa alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu. Hakuinua kichwa. "Ina mtu vipi?"

"Inavutwa. Na anayeivuta namjua."

"Huenda inavuja."

"Pampu gani inayovuja Jumatano na Jumamosi tu? Ina kalenda?"

Refa alikohoa, akafunga kamba ambayo ilikwisha fungwa. "Achana na hayo, mke wangu. Yule ni mtoto wa watu. Usije ukabomoa nyumba ya mwanao kwa ajili ya kikopo cha plastiki."

Daima anamtetea, Mama Sare aliwaza. Mkwe akiunguza chakula, baba mkwe anasema kimeiva vizuri. Hakuuliza tena.

Jumamosi iliyofuata alisubiri. Watu wote walitoka. Saa nne asubuhi alifungua droo: chaki, sindano, pampu ya kahawia. Ya bluu haikuwepo. Hakuhangaika kuitafuta. Alikaa kwenye cherehani, akashona kola mbili bila kuona anachoshona. Saa saba mchana, mkwe akiwa amekwisha rudi na anaosha vyombo nyuma, alifungua droo tena. Pampu imelala mahali pake kama haijawahi kwenda popote. Aliigusa. Ilikuwa na joto, joto la kitu kilichokaa mwilini mwa mtu. Mia moja ishirini na sita.

Jumapili alimwita mwanawe chumba cha mbele, akamfungulia daftari.

"Mkeo anachukua dawa yangu anampelekea mama yake."

"Mama!"

"Soma. Sikuandika mimi, pampu ndiyo imeandika."

Mwanawe alisoma, jasho likimtoka puani. Kabla hajajibu, pazia la mlangoni lilisogea. Mkwe alikuwa amesimama na beseni la nguo mikononi, na kwa jinsi alivyolishika ilionekana hakufika sasa hivi. Aliweka beseni chini, akaingia chumbani kwake, akatoka na ule mfuko mweusi. Akaugeuza juu ya meza ya kukatia vitambaa. Zikamwagika chanuo, nyuzi za kusukia, kandambili, kitambaa cha jasho, kadi ya kliniki ya mama yake, pipi mbili. Pampu haikuwemo.

"Leo ni Jumapili," Mama Sare alisema.

Neno hilo lilipomtoka alijua limekata kuliko alivyokusudia, lakini mkasi ukishapita kitambaa hakirudi.

Binti alirudisha vitu vyake kimoja kimoja. "Mama," alisema, sauti yake chini kabisa, "mimi nasuka nywele za watu. Napewa pochi nishike, napewa simu nishike, napewa hereni. Sijawahi kupoteza kitu cha mtu. Pumzi yako nitaipeleka wapi?"

Refa alikuwa barazani. Alisikia yote. Filimbi yake ilikuwa mkononi, anaifuta kwa kitambaa, anaifuta, anaifuta.

Nyumba ikapoa. Jumatatu na Jumanne waliongea kwa maneno ya lazima tu: chumvi, ufunguo, maji yamekatika. Jumatano asubuhi wote wakatoka, na Mama Sare akabaki na robota jipya la kitambaa cha sweta. Alipolikata kamba, vumbi la sufu likapanda usoni. Alipiga chafya. Akakohoa. Kisha kile kifungo anachokijua kikaanza kujifunga ndani ya kifua, tundu moja baada ya jingine.

Alifungua droo. Ya bluu haipo.

Alijua kwamba haipo. Alikuwa ameitega mwenyewe ili isiwepo. Alishika ukingo wa meza, mabega yamempanda hadi masikioni, kifua kikipiga mluzi. Alivuta ile ya kahawia, haikumsaidia kitu. Alitaka kumwita jirani lakini sauti inahitaji hewa. Alijikokota hadi mlangoni, akaketi sakafuni, mgongo kwenye fremu.

Hapo ndipo alipoona viatu vya mkwe wake vinakuja mbio.

Binti alikuwa amefika duka la dawa, kisha akakumbuka kwamba kadi ya kliniki ya mama yake ameiacha mezani tangu Jumapili, akarudi. Alitupa mfuko chini, akapiga magoti, akaingiza mkono ndani. Mkono ulipotoka ulikuwa umeshika pampu ya bluu.

Nimemkamata, aliwaza Mama Sare. Alikuwa hawezi kupumua, midomo inageuka rangi, na bado kitu ndani yake kilishangilia. Nimemkamata, mwizi wangu, mkono kwa mkono!

Kisha akasikia karatasi ikichanwa. Binti alikuwa akirarua boksi kwa meno. Aliitikisa pampu, akabonyeza mara mbili hewani, akakimbilia rafuni kuchukua chupa ya plastiki ya kuvutia dawa, akaichomeka kwenye pampu.

"Toa pumzi yote, mama. Yote. Sasa midomo hapa. Vuta taratibu, usikimbilie. Tena. Niangalie mimi. Tena."

Mara nne. Akamshika mgongo, akahesabu dakika kwa saa ya ukutani. Mara nne nyingine. Taratibu mluzi ukashuka, mabega yakashuka. Mama Sare akaichukua pampu, akaigeuza kwa mazoea. Mia moja na tisini. Akaisoma tena. Yake ilikuwa mia moja ishirini na sita, na namba za pampu hazipandi.

"Hii si yangu," alisema.

"Ya mama yangu. Nimeinunua sasa hivi."

Mlango wa nyuma ulilia. Nyayo zikaja polepole, za mtu asiyetaka kusikika, zikaelekea kwenye meza ya cherehani. Refa aliingia chumbani, kaptula nyeusi, filimbi shingoni, uso umemvimba kwa kukosa hewa. Alikuwa ameshafungua droo kabla hajawaona pale mlangoni, mkewe sakafuni na mkwewe amepiga magoti. Kiganja chake kilikuwa kimefumba kitu, na rangi ya bluu ilichungulia kati ya vidole.

Refa aliiweka mezani. Ilitoa mlio mdogo tu.

Mkwe aliinuka, akachukua kadi ya kliniki, akaweka mfuko begani. "Hiyo imeshafunguliwa, mama. Baki nayo. Nitamnunulia mama nyingine." Akatoka bila kumtazama baba mkwe wake.

"Tangu lini?" Mama Sare aliuliza.

Refa alikaa juu ya robota. "Tangu mwaka jana. Nikikimbia nusu uwanja kifua kinajaa kama nimemeza gunia. Siku moja nikajaribu yako, njia ikafunguka. Nikasema mechi moja tu." Alipumzika katikati ya maneno. "Wale wazee wananiita Chuma. Ningewaambia nini?"

"Ningekufa leo."

"Nilidhani nitarudi kabla hujaihitaji."

"Hilo nitakusamehe labda. Lakini ulinisikia, mzee. Ulikaa pale nje ukanisikia namwita mtoto wa watu mwizi, na filimbi iko mkononi mwako. Hukuipuliza."

Kesho yake walikwenda zahanati wote wawili. Daktari, mwanamke mfupi asiyependa porojo, alimpa Refa mrija wa mashine apulize kwa nguvu zake zote. Alipuliza mara tatu, akavutishwa dawa, akasubiri, akapuliza tena. Daktari alitazama mchoro. Aliuliza kuhusu kazi, na Refa alipotaja saruji akaitikia kwa kichwa. Mapafu yalikuwa yamechakaa kwa muda mrefu, alisema, na hayatarudi yalivyokuwa, lakini yanaweza kusaidiwa. Dawa ya bluu inafungua njia kwa saa chache tu. Yeye anahitaji nyingine, ya unga, ya kuvuta kila siku, na yake mwenyewe. Mficha maradhi kilio humfichua, aliongeza, na Refa akatazama viatu vyake.

Mama Sare alikuwa anaanza kuona raha. Ndipo daktari akamgeukia. "Na ya kahawia uko nayo?"

Aliitoa. Daktari aliigeuza. "Nilikupa miezi miwili iliyopita. Umevuta mara kumi na moja?"

"Hainipi nafuu, daktari."

"Haikuwekwa kukupa nafuu. Inatuliza uvimbe ndani ili usifike kuhitaji ya bluu. Ungeivuta kila siku, jana huenda vumbi lile lingekupigisha chafya tu."

Majuma yote yale alikuwa amehesabu ya bluu asubuhi na jioni kama mlinzi wa benki. Ya kahawia hakuwahi kuigeuza hata mara moja.

Nyumbani mkwe alikuwa mpole kama zamani, na upole wenyewe ndio uliomuumiza Mama Sare. Kila alipotaka kutoka, binti aliacha mfuko wake mezani, umefunguliwa mdomo, akaenda kujipaka mafuta chumbani, kisha akaja kuuchukua. Hakusema "kagua." Hakuwa na haja.

Jumamosi Mama Sare alivaa viatu. "Nitakwenda nawe," alisema. Mkononi alikuwa na boksi jipya la pampu.

Walitembea hadi nyumbani kwa mama yake. Mama wa binti alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyewahi kuwa mwangalizi wa bweni la wasichana, na jicho la kazi hiyo bado alikuwa nalo. Alimkaribisha mzazi mwenziwe kwa furaha. Furaha hiyo Mama Sare aliichunguza: ni ya kweli, au ya mtu aliyekwisha ambiwa kila kitu anayesubiri mgeni ajikwae? Alimtazama binti. Binti alitikisa kichwa kidogo sana. Hakuwa amemwambia mama yake hata neno moja.

Basi angeweza kuacha boksi, akanywa maji, akaondoka akiwa na heshima yake. Alisimama katikati ya chumba na kufikiria jambo hilo kwa muda.

"Nimeleta hii," alisema mwishowe, "kwa sababu nilisema mwanao ananiibia dawa anakuletea wewe. Nilimwambia mumewe. Niliandika hata daftari. Haikuwa kweli. Aliyekuwa akiiba ni mume wangu."

Yule mwanamke aliligeuza boksi mkononi, akalisoma pande zote.

"Uliniita mwizi mimi, au mwanangu?"

"Wote wawili."

"Na yeye akakufanya nini?"

"Akanirudishia pumzi."

Mwanamke alimtazama bintiye, kisha mgeni. Usoni mwake hasira na kicheko vilisukumana, na hakuna kilichoshinda. "Kaa, basi," alisema. "Umesimama kama mtu aliyekuja kuhesabu vyombo vyangu."

Palikuwa na benchi moja tu, na binti alikuwa amekaa katikati yake. Alisogea. Hakusogea sana, lakini nafasi ilitosha, na Mama Sare akaketi.