Shimo la Kunywesha Ardhi

...tufukie au tusifukie, ndilo swali la fundi mwashi, naye mjane amesimama na sinia la chai kama aliyepigiliwa misumari, maana shimo hili marehemu mumewe alilichimba kwa mikono yake, mawe makubwa chini, kokoto juu yake, mchanga juu kabisa, na bomba likishuka kutoka paani, ili maji ya mvua yazame ardhini badala ya kukimbilia barabarani, Mungu amrehemu, watu walivyomcheka, eti mzee huyu anamrudishia ng'ombe maziwa chuchuni, naye akicheka nao, haya, mkamueni tu bila kumlisha, mtaona... "Shemeji, chai inapoa," ni mdogo wa marehemu, ndiye aliyeleta fundi na matofali, mtu mwema, anataka shimo lifukiwe vijengwe vyumba vya kupangisha, mjane asihangaike, na kweli mji unakua, kila nyumba mpya na kisima chake, kundi zima la ndama, ng'ombe mmoja... "Kaka hayumo humo shimoni, shemeji, tulimzika kule," naam, hayumo, na hapo ndipo moyo ulipokwama, kwa kuwa kila jioni huja hapa kuondoa majani kwenye chujio la bomba, akimsimulia habari za siku, nani kaoa, nani kanuna, na mtu hafukii masikio ya mumewe, lakini kama hayumo, basi mna nini humu... kra, kra, kra, kapi la kisima cha jirani, nyuma ya ukuta, na jirani mwenyewe, mwenye mdomo mrefu kuliko kamba yake, "Jirani wee! Kisima kimejaa mpaka raha! Wenzetu kule chini wanalamba matope, mimi naoga mara mbili!" na huyu ndiye aliyemcheka mzee kuliko wote, kisima chake kiangazi cha juzi, kabla ya shimo hili, kilikuwa kinatoa vyura tu... kumbe, ee Mola, kumbe humu mna maji, si mume, ni maji, yanatembea chini kwa chini mpaka kwa aliyekucheka, yanamwogesha, na sadaka ikimfuata mtu kaburini hufuataje kama si hivi, basi mzee yuko na kazi bado, anachota thawabu kwa ndoo ya jirani... na vyumba vijengwe, kwa nini visijengwe, upande ule wa jiko la zamani, mabati mapya, kila paa na mfereji wake, yote yamiminikie humu, fundi si ana sururu, atalipanua shimo, na huyo wa kuoga mara mbili atashika zamu ya chujio, apende asipende, akimaliza kujipaka mafuta aje na ufagio... kicheko kinampanda, anakibana, vikombe vinagongana kwenye sinia, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, na fundi, masikini, anavua kofia, anainamisha kichwa, "Pole sana, mama."