Mrija wa Kwanza

Mrija ulikuwa bado mkononi mwa Tusekile alipoanguka. Hakuanguka kwa kishindo. Aliteleza tu kutoka kwenye benchi, taratibu, kama kanga inavyoteleza kutoka kwenye kamba, na wenzake wakacheka.

Emerensiana alikuwa anatoka jikoni na sinia la wali. Alisikia kicheko kwanza, ndipo akaona miguu ya yule msichana, kiatu kimoja kimevuka.

"Mwinueni," alisema.

"Mwache, Mama Luciana," alijibu Flavian, mwenyekiti wa wanafunzi, akiwa na shati jeupe alilolipiga pasi kwa ajili ya siku hiyo. "Huyu wa Tukuyu amezoea chai na ndizi. Pombe yetu ya ulezi imemuangusha!"

Wakacheka tena. Ilikuwa saa tisa alasiri, mwezi wa sita, na upepo wa Ufipa ulikuwa unapita uwanjani mwa chuo cha ualimu ukitafuta mifupa ya watu. Wiki ile walimu wapya walikuwa wamesomewa vituo vyao, vijiji vya ujamaa vya huko na huko. Hii ndiyo ilikuwa sherehe ya kuagana. Emerensiana, mpishi wa chuo kwa miaka kumi na miwili, ndiye aliyeombwa apike pombe.

Aliliweka sinia chini, juu ya majani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akapiga magoti. Shavu la Tusekile lilikuwa baridi na lenye unyevu. Alipomwita hakuitika. Alipomfinya sikio hakukunja hata uso.

Ndipo hofu ilipomwingia.

Maana pombe ile aliijua. Alikuwa amekiotesha kimea chake mwenyewe, akakianika, akakisaga. Ilikuwa pombe nyepesi ya chungu, ile ya kumwagiwa maji ya moto na kuvutwa kwa mirija, na mtu angeweza kukaa nayo mchana kutwa akaondoka anaimba. Haikuwa ya kumlaza msichana namna hii.

Akauchukua mrija kutoka katika vidole vyake, akauchovya chunguni, akavuta. Moto ukamshika koo.

"Flavian," alisema kwa sauti ndogo. "Mmetia nini humu?"

Flavian alitazama birika lililokuwa karibu na chungu. Harufu ya gongo, pombe kali ya haramu, ilikuwa imejaa mdomoni mwa birika.

Kwa desturi aliyolelewa nayo Emerensiana, mpishi wa pombe ndiye anayevuta mrija wa kwanza mbele ya wageni, ili wote waone kwamba kilichomo hakina ubaya. Na kila maji yanapoongezwa, huvuta tena kwanza. Hainuki kwenye kigoda chake mpaka chungu kikauke. Mchana ule alikuwa ameonja mara mbili. Kisha Flavian akaja mbio: "Mama, wali unaungua!" Akainuka.

Wali haukuwa unaungua. Aliliona hilo mara tu alipofunua sufuria. Lakini jikoni kulikuwa na joto, na magoti yalikuwa yanamuuma kwa baridi, basi akavuta kibao, akakaa, akala ukoko polepole huku akisikia vijana wanaimba. Alikaa kwa raha yake. Sasa raha ile ilimkaa kifuani kama jiwe.

"Tumtie stoo," Flavian alinong'ona. "Tumlaze kwenye magunia, alale, itamtoka. Mama, Mkuu akijua ni gongo, tumekwisha. Vyeti vyetu hatujapewa bado. Na wewe ndiye uliyepika. Polisi watauliza nani kapika."

Alikuwa anasema kweli, na Emerensiana alilijua hilo. Aliiona nyumba yake ya Izia, chumba kimoja na nusu. Aliuona mlango wa jiko la chuo ukifungwa na mtu mwingine. Kwa kitambo kidogo, kifupi sana, alitamani iwe hivyo: stoo, magunia, na kesho msichana aamke anaumwa kichwa.

Alale, itamtoka. Ndivyo walivyosema miaka ile kwenye harusi, walipomlaza mume wake Kornel chali juu ya mkeka na kumfunika blanketi jipya. Naye Emerensiana akarudi kucheza ngoma, maana ilikuwa harusi ya mdogo wake. Asubuhi alikuta blanketi bado limemfunika vizuri, naye amekufa, matapishi yamemjaa kinywani.

"Msimlaze chali!" alipiga kelele, hata wale waliokuwa wanacheza wakasimama. "Mgeuzeni ubavu. Rozina, shika kichwa chake. Kidole mdomoni, futa. Mtu asimpe maji, hawezi kumeza. Zubery! Zubery yuko wapi?"

Zubery, dereva wa Landrova ya chuo, alikuwa ameegemea gari na kikombe chake cha chai. Tangu asubuhi walikuwa wakimtania kwa kuwa hanywi pombe, wakimwita shehe wa birika.

"Nipo, mama. Shehe nipo." Alikuwa ameshaweka kikombe chini na kufungua mlango. "Leteni mtoto."

Njiani Emerensiana alimpakata Tusekile kwa ubavu, sikio lake karibu na pua ya msichana. Pumzi ilikuja. Kisha ikakawia. Kila ilipokawia, yeye naye aliacha kupumua. Flavian alikaa mkabala, shati lake jeupe limechafuka kwa matapishi, na hakuinua macho.

"Zubery, baba, ongeza mwendo."

"Barabara hii, mama, nikiongeza tutafika wote wagonjwa." Lakini akaongeza.

Zahanati ilikuwa inakaribia kufungwa. Mganga Sadoki, mtu mfupi mwenye miwani, alimfunua Tusekile jicho, akamshika mkono, akauliza bila kugeuka, "Amekunywa nini?"

Flavian akatazama viatu vyake.

"Nauliza amekunywa nini. Nisipojua nafanya kubahatisha."

"Gongo," alisema Emerensiana. "Ndani ya pombe yangu. Mimi ndiye mpishi. Niliondoka kwenye chungu."

"Kiasi gani?"

Hilo hakulijua. Akamtazama Flavian.

"Birika zima," alisema Flavian. "Mimi ndiye niliyetia. Tulitaka sherehe ichangamke. Yeye hajawahi kunywa, alivuta kwa kushindana." Kisha akaanza kulia kama mtoto.

Mganga aliandika, akatundika chupa ya maji ya sukari, akatafuta mshipa.

"Futa uso, mwanangu," Emerensiana alimwambia Flavian. "Rudi na Zubery. Mwambie Mkuu kama ulivyosema hapa. Chungu kimwageni. Na wote waliovuta baada ya birika lile, asilale mtu peke yake, unanisikia? Wawili wawili. Anayelala na anayemtazama."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi jina langu mwambie pia."

Landrova iliondoka. Mganga alimwambia Emerensiana asubiri, na msichana akiamka na kuweza kumeza, apewe chai yenye sukari nyingi. Zaidi ya hapo hakuahidi kitu.

Muuguzi alileta kikombe. Emerensiana alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, akatazama blanketi likipanda na kushuka, akaonja chai ile kidogo kwa ncha ya midomo, akakishika kikombe tayari kwa mikono miwili.

Kilipoa, msichana hajaamka. Akaomba kingine, akaonja tena.